Kashata na Kikohozi

Kabla ya yote, tegueni hiki: kinamwagwa kama mchanga, kinachemka kama maji, kinalala kama jiwe.

Mkishindwa sitadai mji, maana mji wenyewe sina pa kuuweka. Jibu ni sukari ya kashata. Inaingia sufuriani ikiwa punje, inayeyuka, na ukiimwaga siniani pamoja na karanga zake inaganda hata meno yanaiogopa. Ila hapo katikati, inapochemka, kati ya rangi ya asali na rangi ya mkaa pana pumzi moja tu. Hapo ndipo alipoharibikiwa Lusia.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka sabini na nne, huko juu ya Kiwira, kwenye migomba na ukungu. Lusia alikuwa Mhehe, mtoto wa karibu na misheni ya Tosamaganga, na alikuwa ameolewa na Jailos, kijana wa Kinyakyusa aliyekuwa kibarua wa reli ya Wachina kule Makambako. Jailos alimleta mkewe kwa wazazi wake, akakaa siku chache, akarudi kazini. Lusia akabaki na mama mkwe, na migomba, na mvua isiyojua kupumzika.

Ugali aliujua. Ndizi hakuzijua. Siku ya kwanza kumenya mkungu mzima hakupaka mikono mafuta, utomvu ukamkaukia vidoleni, na kesho yake kisimani mikono ilikuwa myeusi kama ya fundi wa lami.

"Jamani, mke wa Jailos katoka kuchimba makaa," akasema mama Atupele, jirani yao, mwanamke mwenye ulimi usiolala. "Kamwene! Kamwene, bibi! Huko kwenu Iringa mnamenya nini, mawe?"

Kamwene ni salamu ya Wahehe. Tangu siku hiyo ikawa jina lake. Hata watoto wadogo, wakimwona na ndoo, wanaita, "Bi Kamwene huyo!" Lusia alicheka nao, maana mgeni asipocheka anaambiwa ana kiburi. Lakini dhihaka ilimwingia moyoni. Siku moja walipomcheka tena, safari hii kwa sababu ndizi zake zilitoka ngumu katikati, akashindwa kunyamaza.

"Ndizi sijui," akasema. "Lakini kwetu Krismasi haifiki bila kashata. Jikoni kwa masista mimi ndiye niliyekuwa nashika mwiko. Nyie kashata mnanunua mjini moja moja, halafu mnawamegea watoto kwa meno."

Wanawake wakaangua kicheko, maana ilikuwa kweli tupu.

"Haya," akasema mama Atupele akijitwika ndoo yake. "Maneno hayajazi sinia. Tutaona."

Na kashata alikuwa anazijua. Hilo mlishike, maana huko mbele watu watasema mengine.

Mwaka ule sukari ilikuwa ya kutafuta. Duka la kijiji likipata gunia, kila kaya inapimiwa kidogo, mnakunywa chai huku mnalitazama kopo lisije likakimbia. Sasa mzee Asukile, baba yake Jailos, alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja alisimama mbele ya watu, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, akasema:

"Krismasi hii, sukari ya kila nyumba iende kwa watoto. Mkamwana wangu anajua kupika kashata, tumpe yeye. Sisi wakubwa tutakunywa chai na chumvi. Mtu mzima akilamba sukari ya mtoto, huyo ni mtu kweli?"

"Si mtu!" wakaitikia watu, wengine wakiguna kwa kuikumbuka chai.

Lusia alimsikia tu. Kumwona hakumwona. Alikuwa amekaa nyuma ya nguzo, kichwa kimeinama, maana kwa ukoo ule baba mkwe na mkamwana hawaonani. Hawasalimiani, hawapishani njiani, hata jina la mzee mkamwana halitaji. Wahehe nao wana ya kwao, ila kwao anayekimbia ni mkwe wa kiume, akimwona mama mkwe anaingia hata kwenye miiba. Lusia aliwahi kumcheka mjomba wake aliyetumbukia mferejini kwa kumkimbia mkwewe. Sasa ikawa zamu yake.

Mama mkwe alimweleza tangu siku ya kwanza, wamesimama uani.

"Unaliona lile jiwe chini ya mparachichi? Baba yenu akifika pale atakohoa. Ukisikia, jifunike, pita huku, ingia migombani. Akishaingia ndani nitakuita."

"Na akisahau kukohoa, mama?"

"Hajawahi kusahau. Nina wakamwana wengine wawili, waulize. Na ikitokea mmegongana macho, yule aliyepita pasipo pake anatoa kuku. Anamfunga mlangoni kwa mwenzake, watu wanaona, yameisha. Kosa likiwa lako, kuku atoke kwenu Iringa."

"Atembee kwa miguu, huyo kuku?"

"Ndiyo maana nakwambia usikosee," akasema mama mkwe, na wote wawili wakacheka.

Kwa hiyo mzee alipotamka mbele ya kanisa, "mkamwana wangu anajua," Lusia aliyekuwa nyuma ya nguzo alijisikia kama mtu aliyevishwa nguo mpya. Hajawahi kumwona yule mzee uso, na mzee amemsifu. Watu wakaleta sukari. Kila nyumba ilikuja na kifuko chake au kikombe chake, na kila mama alipomimina alitazama mpaka punje ya mwisho. Mama Atupele ndiye aliyemimina polepole kuliko wote.

"Hii ni chai yangu mpaka Februari, Bi Kamwene. Nikumbuke."

"Nitakukumbuka, mama Atupele. Ya mtoto wako nitaikata pana."

Mkesha ukafika na mvua yake. Mama mkwe alikwenda kanisani na wanawake wenzake kufagia na kufunga matawi. Mzee naye alikuwa ametoka asubuhi, ikadhaniwa yuko huko huko kanisani. Watoto walikuwa wamejaa mlangoni mwa jiko kama nzi wa maziwa. Lusia akawafukuza kwa ufagio, akicheka.

"Nendeni. Mkisikia harufu rudini."

Akakaanga karanga, zile nene za kutoka Kyela. Akazisugua, akazipepeta kwenye ungo mpaka maganda yote yakaruka, akaziponda kidogo tu zisiwe unga. Akatwanga iliki. Sukari akaigawa: nyingi akaitia kwenye sufuria kubwa ya mama mkwe, iliyobaki akaiacha kwenye kopo kwa mkupuo wa pili. Ndivyo walivyofanya kwa masista, maana ukipika yote kwa pamoja inaganda hujamaliza kukata.

Moto akauweka mdogo. Sukari ikaanza kulowa kando kando ya sufuria, ikilia kidogo kidogo. Hapo ndipo alipokumbuka sinia. Mafuta ya kulipaka yalikuwa yamekwisha, na bila mafuta kashata ingeng'ang'ania kama gundi. Jani changa la mgomba lingefaa, na mgomba ulikuwa pale pale nje. Akasema moyoni, sukari bado, naenda narudi.

Akakata jani, akalifuta maji kwa ncha ya kanga, akarudi mbio. Mlangoni akainua macho.

Ndani ya jiko amesimama baba mkwe. Koti jeusi, vifungo vyote. Mkono mmoja umeshika kopo la sukari. Vidole viwili vya mkono wa pili vimo mdomoni.

Wakatazamana.

Baadaye Lusia alikuja kukumbuka kwamba mzee yule ana macho kama ya Jailos, na kwamba kwenye sharubu zake palikuwa na punje nyeupe. Wakati ule hakukumbuka kitu. Alijifunika kanga uso mzima, akageuka, akakimbilia migombani, akachuchumaa nyuma ya shina, jani bado liko mkononi.

Sasa watazameni watu wawili wenye heshima zao. Lusia hawezi kurudi mpaka mzee atoke. Mzee hawezi kutoka mpaka ajue Lusia yuko mbali, maana jiko lina mlango mmoja, na akitoka wakati yule bado yuko uani watagongana macho mara ya pili. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mzee aligeukia ukuta akajifunika uso kwa kofia. Hayo alikuja kumwambia mkewe siku nyingi baadaye. Angeweza kuipua sufuria, ndiyo. Lakini wanaume wa pale sufuria iliyo motoni walikuwa hawaigusi, na mtu aliyeingia kwa kunyata hawazi chungu cha mwenzake, anawaza mlango.

Harufu ya kwanza ilikuwa tamu, ya asali. Lusia akaijua. Ndiyo sasa, ndiyo pumzi yenyewe, mwaga karanga, geuza, toa. Magoti yakainuka yenyewe. Akayarudisha chini. Ikaja harufu ya pili, yenye ukali wa kukaba puani. Halafu moshi ukaanza kupenya kwenye nyasi za paa, mweusi, mzito, haupandi juu kwa sababu ya mvua.

"Baba, toka," akasema ndani ya kanga yake. "Nakuomba, baba, toka."

Kikohozi kikaja. Hakikuwa kile cha kwenye jiwe, cha mtu anayebisha hodi. Kilikuwa cha moshi, cha mtu aliyekabwa. Kikatoka jikoni, kikakata ua, kikazunguka nyumba, kikapotelea kwenye mibuni.

Lusia alipoingia, sufuriani palikuwa na lami. Aliiipua kwa kanga yake, kanga ikaungua. Akaitazama ile lami ikipasukapasuka ilivyokuwa inapoa. Kisha akalitazama kopo. Lilikuwa limerudishwa mahali pake taratibu kabisa, na juu ya sukari palikuwa na mifereji miwili ya vidole.

Akapitisha kiganja, akaisawazisha ile sukari mpaka mifereji ikafutika. Halafu ndipo alipokaa chini akalia.

Watoto walifika kwanza. Si waliambiwa warudi wakisikia harufu? Wakasimama mlangoni, wakachungulia, wakarudi kinyumenyume. Nyuma yao wakaja wanawake kutoka kanisani, na mama mkwe mbele, matawi bado yamemshika nywele.

"Yesu wangu," akasema mama mkwe. "Mwanangu, umefanya nini?"

"Nililala, mama."

"Ulilala?"

"Usingizi ulinipitia."

Mama Atupele akapita katikati ya watu, akainama juu ya sufuria. "Usingizi wa mchana, mvua inapiga paa hivi, na moto uko miguuni. Bi Kamwene, huo ni usingizi au ni ugonjwa?" Akaigonga ile lami kwa mwiko. "Na hii ndiyo sukari ya kijiji kizima? Mbona imekuwa kidogo?"

"Ikiungua inapungua."

"Ehe. Na hii ya kwenye kopo?"

"Ni ya mkupuo wa pili. Kashata zinapikwa mara mbili."

"Mkupuo wa pili! Wengine tunaita chai ya asubuhi." Wanawake wakaguna. Mama Atupele akawageukia. "Kitendawili!"

"Tega," akaitikia mmoja, kwa sauti ya kutotaka.

"Ulimi umekula, sufuria imesingiziwa."

Hakuna aliyetegua. Kilikuwa kimeshateguka.

Lusia alifungua mdomo. Neno moja tu, "baba," lingemtoa yeye motoni. Lakini lingemwingiza mzee, na waliosimama pale ndio wale wale waliojibu kanisani, "Si mtu!" Mkwe aliyemsifu mbele ya watu, yeye amtaje na vidole mdomoni? Tena angesemaje kwamba alimwona, kwa macho yake, wakati hata jina lake halitaji? Akaufunga mdomo.

"Nililala," akasema tena.

Wanawake wakaondoka mmoja mmoja. Mama mkwe hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Alichukua sufuria yake, akaenda kuisugua kwa mchanga nje kwenye mvua, ikawa inasikika kwaru, kwaru, kwaru, muda wote, na haikutakata.

Nina kingine: mzigo wangu hauonekani, lakini kila anayenipita anauona. Jibu lake ni aibu. Lusia aliubeba jioni ile kwenda kisimani, na kisimani walimpisha achote kwanza. Waliokuwa wanamtania wote hawakumtania. Hata Bi Kamwene hawakumwita. Hapo ndipo alipojua kwamba lile jina lilikuwa la mapenzi, kwa namna yake, na sasa ameshalikosa.

Jua linazama, Jailos akashuka kwenye lori na mkate chini ya kwapa. Habari zilikuwa zimemlaki barabarani kabla hajafika mparachichini. Alimkuta mkewe nje ya jiko anamenya ndizi, mikono imepakwa mafuta vizuri.

"Nimeambiwa," akasema.

"Ni kweli. Imeungua."

"Ulilala?"

"Nililala."

Jailos akachuchumaa karibu yake, akapunguza sauti. "Lusia, wewe hulali mchana hata ukiwa na homa. Niambie mimi mumeo. Kama uliionja kidogo, ukanogewa, ukajisahau, sema tu. Nitaomba radhi kwa niaba yako."

Neno hilo, uliionja, lilimchoma kuliko kitendawili cha mama Atupele. Mama Atupele ni wa kisimani. Huyu ni wake.

"Nililala, Jailos."

Akasimama, akavua kofia, akaivaa tena. "Kesho watu wote watamwangalia baba. Yeye ndiye aliyesimama akasema wape sukari mkamwana wangu. Atakaaje kwenye benchi la mbele? Umemfikiria baba, lakini?"

Kisu kikasimama kwenye ndizi.

"Nimemfikiria," akasema Lusia, akaendelea kumenya.

Na yote hayo yalisemwa hatua chache kutoka kwenye ukuta wa nyumba kubwa, na nyuma ya ukuta huo mzee Asukile alikuwa amejilaza kitandani na koti lake. Alimwambia mkewe kifua kinambana. Aliletewa chai ya chumvi, akageuza uso.

Alfajiri ya Krismasi Lusia aliamka kwa kikohozi. Kilitoka kwenye jiwe, kirefu, cha heshima, kikarudiwa, kikarudiwa tena, kama vile mzee anataka kijiji kizima kijue anapita. Lusia akavuta shuka hadi kichwani. Nyayo zikaja mpaka mlangoni mwa jiko. Kuku akalia kwa kero. Nyayo zikarudi.

Alipotoka, aliona mtetea amefungwa mguu kwa kamba ya mgomba kwenye mhimili wa mlango wa jiko, anajikung'uta manyoya.

Mama mkwe akaja nyuma yake akijifunga kitenge. "Nani kafunga kuku hapa? Ah! Huyu si mtetea wangu! Kuku wote hawa, kaenda kuchukua anayetaga!" Kisha mkono ukaenda mdomoni wenyewe. Akamtazama kuku, akamtazama Lusia. "Mwanangu. Mlionana?"

Lusia akainamisha kichwa.

"Lini? Jana? Na kuku yuko kwako, kwa hiyo aliyepita pasipo pake ni yeye. Alikuwa..." Akautazama mlango ambao kuku alifungwa. "Humu? Mzee yule aliingia jikoni kufanya nini, na hajawahi..." Macho yake yakafika kwenye kopo, yakabaki hapo. Akakaa kwenye kizingiti kama mtu aliyekatwa miguu. "Chai na chumvi," akasema polepole. "Chai na chumvi, Asukile."

"Mama, nimfungue kuku, watu hawajapita bado."

"Haikubaliki."

"Mama, nakuomba. Nitasema nimemnunua."

"Huyo hafunguliwi na wewe wala mimi. Anafunguliwa na mumeo, na watu wakishamwona. Kufungwa mlangoni maana yake nini, mwanangu? Mwenyewe ameamua waone."

Njia ya kanisani inapita uani pale pale. Watu wakaanza kuja, nguo zimepigwa pasi, watoto wamepakwa mafuta usoni. Wanawake wakasimama. Mama Atupele alimtazama kuku, akautazama mlango, akalitazama kopo, akamtazama Lusia na kanga yake iliyoungua.  

"Ndiyo kile kikohozi!" akasema mwanamke mmoja nyuma. "Jana napita huko chini na matawi yangu, nasikia mtu anakohoa kwenye mibuni kama anataka kufa. Nikasema hao ni mbuzi wa nani?"

Kicheko kikapasuka. Kikaanza kwa wanawake, kikashika wanaume.

"Mtu mzima akilamba sukari ya mtoto?" akauliza mmoja kwa sauti ya mzee mwenyewe, kidevu juu, akijifunga vifungo vya hewani.

"Si mtu!"

Hata watoto wakarukia, "Si mtu! Si mtu!"

Mwajua, usiku kucha Lusia alikuwa ameomba siku hii. Aliomba ukweli utoke bila yeye kuutoa. Umetoka, lakini hakufurahi. Nyuma ya ule ukuta alijua yuko mtu anayesikia kila neno, na mtu huyo angeweza kukaa kimya maisha yake yote, Lusia asingemtaja. Aibu haikuwa imekwisha. Ilikuwa imehama nyumba tu, tena imehamia kwa mwenye nyumba.

Akaenda akasimama mbele ya kuku, akamtandazia kanga yake, ile yenye tundu la moto.

"Jamani, basi," akasema. "Ni baba."

Hakusema kwa ukali. Lakini kicheko kilikatika, na wa kwanza kuangalia chini alikuwa mama Atupele. Jailos alikuja kutoka nyumbani, shati jeupe halijafungwa vifungo, akapiga goti kufungua ile kamba. Lilikuwa fundo jepesi, akalifungua bila kuinua macho kumtazama mkewe. Kuku alipoachiwa alikimbilia migombani, pale pale Lusia alipochuchumaa jana.

Kanisani benchi la mbele lilikuwa na nafasi. Ilisemwa mzee anaumwa kifua. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Baada ya ibada Lusia aliingia jikoni na kopo lake. Hakumwita mtu. Lakini mara mlango ukapata giza, mama Atupele amesimama na mzigo wa kuni kavu kichwani. Kuni kavu, Desemba, Kiwira! Sijui alizificha wapi.

"Bi..." akaanza, akameza jina. "Mke wa Jailos. Huo mkupuo wa pili unapikwaje?"

"Unakaa kimya," akasema Lusia, "unaitazama sukari."

"Nimestahili," akasema mama Atupele, akatua kuni, akakaa. Akakaa kimya kweli, labda mara yake ya kwanza tangu aachishwe ziwa. Ila sukari ilipobadilika rangi alishindwa. "Tayari, Bi Kamwene! Tayari! Inaungua!"

"Bado, dada. Tulia. Sasa!"

Karanga zikamwagwa, mwiko ukazunguka, jani la mgomba likapokea. Kopo lile halikuwa na kitu kikubwa. Kashata zilitoka ndogo, za ukubwa wa kucha ya dole gumba, Lusia akizikata kwa ncha ya kisu kabla hazijagoma. Kila mtoto alipata moja, akaiweka ulimini, akafunga mdomo ili isiishe. Kwenye jani ikabaki moja, ya pembeni, iliyokatika vibaya.

Lusia akaifunga kwenye kipande cha jani. Akatoka nayo, akapita uani, mama mkwe akimtazama kutoka kwenye kizingiti. Akafika chini ya mparachichi, akaiweka juu ya jiwe. Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa umerudishwa, haujafungwa.

Pale kwenye jiwe mwanamke alikuwa hakohoi. Alisimama kidogo, kichwa kimefunikwa, masikio yanamwaka moto. Kisha akakohoa.

Mvua ilikuwa imepumzika, matone yalikuwa yanadondoka tu kutoka kwenye majani. Akafikiri, nimekosea tena, safari hii kuku atatoka Iringa kweli.

Ndani ya nyumba mtu akakohoa, kidogo, kama mtoto aliyeitwa jina darasani na hajui jibu.

Lusia akavuta kanga usoni, akapita upande wa migomba, ili mzee akitoka kuichukua asiwepo wa kumwona.